Shikamoo ya Kila Nusu Saa

Jumanne, zahanati ya Shume

Mchana gogo lilimwangukia Mzee Yakobo kichwani kule msituni, na mimi hapa nina dripu mbili na tochi ya simu. Gari la wagonjwa limekwama kwenye tope. Kwetu Nairobi saa hizi angekuwa chumba cha upasuaji.

Nilimuuliza jina lake, leo ni siku gani. Kimya. Muuguzi Halima akanisogeza pembeni: "Daktari, mtu mzima huanzi kumhoji. Mwamkie kwanza."

Nikainama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Nilitaka kulia. Tangu hapo hicho ndicho kipimo changu cha fahamu zake: namwamkia kila nusu saa. Mkewe akachoka kunisikia. "Si umeshamwamkia, jamani?" Sikuthubutu kumweleza.

Saa kumi marahaba ilikuwa nzima. Saa kumi na nusu iliishia kooni.

Sasa ni saa kumi na moja na dakika kumi. Nimekaa kando ya kitanda chake, najifanya naandika taarifa, kumbe ni daftari hili. Naogopa.

Mkewe amenigusa bega. "Daktari, mbona humwamkii?"