Kufuli Nililomfungia Binti Yangu

Jumatatu, 4 Machi
Nimemfungia ndani. Kufuli la nje, lile kubwa! Yule muuza unga wa kulevya — mtaani wanamwita Mjomba, sijui mjomba wa nani — amepita dirishani kwetu tangu asubuhi, na macho ya binti yangu yanamfuata. Basi nikafunga, nikakaa kizingitini na mwiko. Ndani analia: mama, kliniki, dawa yangu! Nikamwambia utakwenda kesho. Dawa gani isiyoweza kusubiri siku moja?

Jumanne, 5 Machi
Hakulala. Kutapika, jasho, miguu inarusha mateke. Nikadhani unga ndio unamtoka, nikafurahi. Mjinga mimi!

Asubuhi kaja Dada Ustawi, yule wa ofisi ya ustawi wa jamii. Mwembamba kama sindano, na anachoma vilevile. Anasema jana hakumwona binti yangu kwenye foleni ya dawa. Akatazama kufuli, akanitazama mimi.

"Mama, hii ni arosto, mateso ya kukosa dawa. Dawa yake ya kumwachisha unga inanywewa kila siku mbele ya muuguzi. Ukimkosesha, mwili unadai, na wa karibu kuulipa ni Mjomba. Umemfanyia kazi yake."

"We mtoto, umezaa?"

"Bado, mama."

"Basi nyamaza."

Hakunyamaza! Akikosa tena na tena, anasema, wanamwanzisha upya na dozi ndogo, na wengi hapo ndipo wanaporudia unga. Nikafungua. Wakatangulia wameshikana mikono, mimi nyuma. Kliniki muuguzi akauliza: bibi, huo mwiko ni wa wagonjwa au wetu? Nikamwambia ni wa atakayechelewesha foleni. Binti yangu akacheka. Amechoka hivyo, na akacheka!

Jumatano, 6 Machi
Dada Ustawi kasema leo aende peke yake, yeye atamngoja langoni kwa kliniki. Eti mtu akichungwa kama mbuzi anajifunza kuruka ua tu. Nikabisha mpaka koo likakauka. Binti akanishika bega: mama, niache nipite mbele ya Mjomba kwa miguu yangu.

Ametoka.

Sasa hivi jirani kapiga kelele ukutani: bibi, binti yako amesimama na Mjomba pale kona! Nikamuuliza, anaongea naye au anamtukana? Hajui. Toka ukaone, anasema.

Nimemwahidi sitamfuata. Naandika ili mikono ipate kazi. Jirani anaita tena — sitoki. Amezaliwa na mimi huyo, si mwepesi. Sitoki!