Lenzi Mbili, Foleni ya Watu Saba

Jumamosi. Mvua imekata tangu juzi na leo anga ni safi, hakuna hata kiwingu. Ningepaswa kufurahi. Naandika haya nikiwa na hasira.

Nianze na Baba. Maisha yake yote alikuwa kuli bandarini, akisoma majina ya meli zikiwa bado mbali. Sasa jicho la kushoto limezimika na la kulia linafuata. Daktari amesema tusitegemee limalize mwaka. Anataka kitu kimoja tu: auone mwezi kwa darubini, na mashimo yake, kabla giza halijamfunika. Darubini ninayo, ndogo, niliachiwa na mwalimu mwenzangu aliyerudi kwao. Ilikosa lenzi ya jicho, kile kijikopo cha kuchungulia.

Asubuhi nikazipata mbili kwa Mzee Karimu, fundi wa miwani pale Kariakoo anayefunga duka moja kwa moja. Alikuwa amezifunga kwenye karatasi na kuandika kwa kalamu: moja inakuza mara thelathini, nyingine mara mia na hamsini.

"Mwalimu," akaniambia, "anayeanza achukue ya thelathini. Inaona eneo pana na mwanga unakuwa mwingi. Hiyo nyingine, kwa darubini yako, itakutesa."

Nilijua hivyo. Nimeyasoma, nimeyafundisha. Hata hivyo nikasema nachukua zote mbili.

Kosa ni kwamba nilisimama mlangoni muda mrefu.

Siku hizi za uhaba, ukisimama mlangoni pa duka umeshaanzisha foleni. Nilipogeuka walikuwepo watu saba nyuma yangu, vikapu mkononi, hakuna hata mmoja anayejua kinachouzwa. Waliposikia "zote mbili" wakachachamaa. Kila mtu kimoja, walisema. Mama aliyekuwa nyuma yangu akaongeza, "Walanguzi ndio hawa hawa, na miwani wamevaa."

Mlanguzi, mimi. Mimi ninayekunywa chai bila sukari wiki ya tatu sasa.

Mzee Karimu akaingiwa na woga. Mtu anayefunga duka hataki kuona mgambo mlangoni kwake. Akanisihi nichague moja, upesi.

Nikachagua ya mia na hamsini.

Sijui nijieleze vipi. Foleni zimetufundisha kwamba ukifika kaunta unakamata kilicho kikubwa, maana kesho hakipo. Mkono ulikwenda wenyewe, na akili yangu yote ya ualimu ikabaki imesimama pembeni. Yule mama akailipia ya thelathini, akaitia kikapuni, ndipo akauliza, "Hivi hiki ni kitu gani?"

Njia nzima niliwalaani wale watu saba. Jioni hii nimebaki kumlaani mmoja tu, na hakuwa nyuma yangu kwenye foleni.

Baada ya magharibi nilimkalisha Baba kwenye kigoda uani. Mwezi ulikuwa nusu, juu kabisa. Kwa lenzi ile ulionekana kama ukungu mweupe unaotikisika. Ukigusa tu mguu wa darubini, umekimbia. Nilihangaika mpaka jasho likanitoka, kisha nikamwambia achungulie. Akainama pale muda mrefu.

"Nimeuona, mwanangu," akasema. "Mzuri. Umezungukwa na nyota nyingi."

Nilichungulia baada yake. Giza tupu. Mwezi ulikuwa umeshaikimbia lenzi zamani, wala hapakuwa na nyota hata moja.

Baba alinishukuru, akaomba nimshike mkono nimpeleke ndani.

Heri angenigombeza.

Yule mama nimeshamuulizia. Anaitwa Mama Tatu, anauza ndizi mbivu Mchikichini. Kesho kabla hajapanga ndizi zake nitakuwa mbele yake na kipande cha sabuni nilichokuwa nimekificha kwa ajili ya sikukuu, pamoja na lenzi hii ya nguvu. Nitamwambia ukweli, kwamba yangu inakuza zaidi, na najua ataitaka. Watu wakianza kupanga mstari nyuma yangu wakidhani kuna kinachogawiwa, wapange. Safari hii sitaharakishwa na mtu.

Baba sitamwambia kwamba najua hakuuona. Kesho jioni nitamkalisha tena kwenye kigoda, niweke lenzi ya thelathini, nimwombe anihesabie zile nyota zake.