Kitambaa cha Mashine ya Gemu

Winfrida na Castory,

Samaki wetu migebuka nimeshawaunga, wapo kwenye sufuria kubwa. Anueni nguo kabla mvua haijazikuta. Naenda Kalinzi kwa dada. ~~Nitarudi Jumapili.~~ Nitarudi nikipigiwa simu.

Asubuhi Castory, baba mzima wa watoto watatu, amenifokea mbele ya mkewe Winfrida kwamba nimeiua mashine yake ya gemu. Ilizimika akiwa anaongoza mabao mawili. Mimi niliifumia kitambaa tu, kama cha redio na cha televisheni, isikae uchi sebuleni. Kumbe ndani ina feni, na kitambaa kiliziba matundu inakotolea joto. Sawa. Lakini aliyebananisha moto wote ule kwenye kiboksi kidogo kama cha viatu vya mtoto, huyo hakufokewa na mtu. Nimelea watoto sita, sijaua hata mmoja.

Nimeiwasha sasa hivi, imewaka. Kitambaa nimekifumua ubavuni na nyuma, hewa inapita. Maua yamebaki juu. Nikirudi nikakuta kimetolewa, nitajua tatizo halikuwa joto.

Mama yenu