Firimbi Badala ya Wimbo

Goweko, Jumanne, 8 Novemba 1938

Hasira haijanishuka hata baada ya kuoga na kula. Mguu wa Masanja umevimba kama kibuyu, na anayelaumiwa ni mimi, mnyapara wake, eti sikusimamia watu!

Bwana mpya wa reli amekuja na kitabu cha kuongoza wafanyakazi. Asubuhi alikigongagonga kwa kidole. "Kitabu kinasema penye kelele hapana utaratibu. Kuanzia leo hakuna kuimba. Mtafuata firimbi yangu."

Nikamwambia, "Bwana, hawa hubeba chuma kwa wimbo. Babu zao walibeba pembe mpaka Bagamoyo kwa wimbo."

"Na wewe mnyapara, umesoma kitabu gani?"

Nikanyamaza. Mtu mzima na mvi zangu, nikanyamaza mbele ya watu wangu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko...

Firimbi ikalia. Watu kumi na wawili wakainua reli. Lakini firimbi husema inueni tu. Haisemi mguu upi utangulie. Wa mbele wakaenda, wa nyuma wakabaki, reli ikawaponyoka na kumwangukia Masanja mguuni.

Jioni nikakuta Bwana amesahau kitabu chake kwenye toroli. Nikakifungua njiani nikimpelekea. Baada ya sura ya kwanza, kurasa zote bado zimeshikana pembeni kama zilivyotoka kiwandani. Vitabu vya namna hii msomaji hukata kurasa mwenyewe ndipo asome, na hizi hakuna aliyewahi kuzikata.

Nikamkabidhi kitabu, na juu yake kisu changu.

"Kisu cha nini?"

"Cha kumalizia kusoma, Bwana."