Kijiti Juu ya Difu

Mwakitolyo,
Jumapili baada ya misa

Mama, shikamoo.

Mguu wako unaendeleaje? Na mahindi yamepata mvua? Mimi ni mzima, nakula vizuri kwa mjomba, vumbi tu ndilo linanikohoza. Sikupiga simu kwa sababu hapa kila mtu anasikia, na ninalotaka kukwambia ni la aibu. Mama, nina wivu. Namwonea wivu Shija, yule mtoto wa jirani ninayejifunza naye ufundi hapa gereji.

Ni mchangamfu mno. Wateja wakifika wanamwita yeye, hata kama spana iko mkononi mwangu. Sasa mjomba anahamia Geita kufungua gereji nyingine, na mmoja wetu atabaki na funguo za hapa. Tangu aseme hivyo sina raha.

Basi kuna guta, pikipiki ya matairi matatu, linalobeba mawe ya dhahabu kutoka mashimoni kupeleka karasha, kwenye mashine ya kusaga mawe. Difu yake, pale nyuma panapozungusha magurudumu, ilikuwa inavuja oili. Shija akabadilisha sili, ule mpira unaozuia oili isitoke. Likarudi. Akabadilisha tena, likarudi limelowa mpaka breki hazishiki. Mjomba akaanza kulaumu sili za dukani. Mimi nilikuwa chini ya guta nafuta oili, nikapitisha kitambaa juu ya difu, mkono ukagusa kijiti kimechomekwa kwenye tundu la kupumulia. Kawaida ningenyamaza. Lakini nilimsikia Shija anawachekesha wateja, roho ikaniuma, nikajikuta nimesema kwa nguvu, "Mjomba, sili haina kosa. Difu imezibwa pumzi."

Mjomba akakichomoa, hewa ikatoka fyuu. Dereva akacheka, kumbe alipaziba mwenyewe vumbi lisiingie. Oili ikipata moto, hewa inakosa pa kutokea, inaisukuma oili ipite kwenye sili. Tangu hapo guta ni kavu. Na unajua dereva alimshukuru nani? "Wabeja, Shija." Na Shija akaitikia, bila hata kuniangalia.

Jioni mjomba aliniambia nimeona vizuri, ila anafikiria kumwachia Shija.

"Kazi unaijua, Kabula. Lakini mteja akija unaangalia chini. Nani ataongea naye?"

Nililia chooni, Mama, nikajifanya nimeingiwa na vumbi.

Jana mzee mmoja aliingia anasukuma pikipiki. Shija alishaanza kufungua mdomo. Nikamtangulia: "Shikamoo baba. Pikipiki inakusumbua nini?" Akanijibu mimi. Mjomba aliinua kichwa, akaniangalia, akarudi kwenye kazi yake. Funguo bado ziko mfukoni mwake.

Nisalimie bibi, na baba mdogo akirudi kutoka kwenye ng'ombe. Mdogo wangu mwambie baiskeli yangu aendeshe, ila asimwazime mtu.

Niombee nisimchukie Shija. Funguo nitaziomba mwenyewe.

Mwanao,
Kabula