Bantamu Aliyelala Chini

Elburgon,
Jumapili, 14 Septemba 2025.

Mpendwa dada Cheruto,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu kwenye baridi. Unaendeleaje na hilo joto la Doha? Miguu bado inafura jioni? Sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu, isipokuwa mimi na mafua yangu ya kila mwaka. Binti yako Jepchumba hajambo kabisa. Ameniacha kwa urefu, siku hizi kichwa changu kinamfika begani.

Nimeandika kwa karatasi, nimpe jirani yetu Kipkoech akirudi huko Doha kazini, kwa sababu kwa simu maneno hunikimbia. Uliniambia unarudi kabisa Desemba, umchukue mtoto mkaishi mjini, Free Area, ukaniuliza nasemaje. Ngoja kwanza nikupe habari za kuku.

Unamkumbuka yule bantamu mweupe, kuku mdogo mwenye manyoya miguuni? Watu hucheka wakimwona katikati ya Kuroila wangu, wale kuku wakubwa wa kisasa. Mume wangu anasema hatoshi hata supu ya mgonjwa. Mwanzoni wale wakubwa walimfukuza kwenye chakula, ikabidi nimwekee chake chini ya kreti, mahali anapoingia yeye tu. Lakini jioni, wee! Aliruka mpaka boriti ya juu kabisa, na wale wazito wakabaki chini kwenye maranda wakimwangalia.

Kuroila hutaga vizuri, ila kulalia mayai hawataki. Basi Machi nikampa bantamu mayai yao. Tamaa yangu nayo! Nilimjazia mpaka mengine yakachungulia nje ya mabawa, na hayo ya pembeni yakapoa. Akaangua manne.

Wakakua haraka, wakampita mama. Ungewaona jioni, vichwa chini ya mabawa yake, matako yote nje, na mmoja akisimama anambeba juu juu. Kuruka hawakuweza, kwa hivyo yeye akaacha boriti. Miezi hiyo yote alilala chini nao.

Mimi na Jepchumba tulizoea kusimama hapo mlangoni giza likiingia. Ukungu wa Mau unashuka polepole, maranda yananukia msitu, na wale kuku wanatoa kile kisauti chao cha chini, kama wote wanaota ndoto moja. Wakati mwingine hata sikujua kama niko macho.

Wiki jana wale wanne walienda wenyewe wakalala na Kuroila. Bantamu akazunguka, akaita. Akaita tena. Halafu akaruka, akarudi juu kwa boriti yake. Jepchumba akaniuliza, "Anti, sasa si atakuwa mpweke?" Nikamwambia aende alale. Mimi nikaingia jikoni nikalia, na nikasingizia moshi.

Sasa jibu langu ni hili, dada: njoo umchukue. Wewe umelala mbali miaka yote hii kwa ajili yake. Nitaumia, nakwambia ukweli, lakini njoo. Siku za kwanza atakuwa anakuangalia kama mgeni, usiogope. Akiwa na huzuni hataki maswali. Mshike tu sikio, ulisugue polepole, atalala. Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Mama anakusalimu, na Rahab wa duka, na Kipruto mume wangu, anayeuliza kama huko pia watu hunywa maziwa ya mursik. Jepchumba amesema atakuandikia mwenyewe, amenifukuza nisione.

Mungu akulinde kazini, akufungulie njia ya kurudi nyumbani, na akurudishe ukiwa na nguvu zako.

Wako akupendaye daima,
Jebet.

Nimesahau: Jepchumba anataka kwenda Free Area na bantamu. Nimekataa. Huyo mniachie.