Niliyesema Ukingo Tayari

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limeandikwa kwenye jalada. Mtaani na klabuni anaitwa Fundi.
Jinsia: mwanamke. Umri: miaka 47.
Kazi: kushona mahema, maturubai na vifuniko vya malori. Pia ni mtunza kamba wa klabu ya mapango.
Makazi: vyumba viwili nyuma ya duka lake la ushonaji.
Yameandikwa kituoni, chumba namba 4, Jumamosi tarehe 14 Juni, kuanzia saa tisa na robo alasiri.

Nina akili timamu na nimeonywa kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa. Afande ameniambia nianze na ya leo asubuhi. Nimemwambia ya leo yalianza mwaka jana, na kama mkono wake umechoka anipe kalamu niandike mwenyewe. Amekubali kuandika.

Klabu yetu imebaki na watu wanne. Kiongozi ni mpima ardhi mstaafu, ana miaka 63, tunamwita Mzee Futi kwa sababu hawezi kupita ukuta bila kuupima. Wa pili ni Dereva, ambaye kazi yake ni kuendesha gari la wagonjwa. Wa tatu ni mdogo wangu, tumbo moja, ana miaka 36, ni mwoka mikate. Mama yetu alifariki mdogo wangu akiwa na miaka tisa, nikamlea mimi, na mpaka leo nikimwona anakonda nakosa usingizi. Wa nne ni mimi.

Wa tano alikuwa wifi yangu, mke wake. Alikuwa karani wa posta, mtu wa utani sana. Mbele za watu aliniita "mama mkwe" ili nionekane kikongwe, na mimi nilimwambia barua zote zinazopotea ni yeye anazila. Alitumia mkono wa kushoto, kwa hiyo hata mafundo yake ya kamba yalilala upande wa pili, tofauti na ya kwetu sote.

Mwisho wa pango, mahali ambapo wageni hawafikishwi, kuna njia nyembamba tunayoiita Koromeo. Unatambaa kwa tumbo kama dakika ishirini, kisha mwamba unakatika, na chini kuna chumba. Kwenda chini ni mita kumi na nne. Mtu anafungwa kamba kiunoni na mwenzake wa juu anamshusha au anamvuta kwa kapi. Ukingo wa pale ni mkali. Ndiyo maana tunalaza turubai lililokunjwa mara nne chini ya kamba, pale inapopita ukingoni, mwamba usiikate. Turubai hilo nalishona mimi. Tena kuna sheria: anayekaa ukingoni hasemi "ukingo tayari" mpaka kiganja chake kiwe juu ya turubai. Sheria hiyo niliitunga mimi, na watu walinicheka kwamba najifanya mwalimu wa zamu.

Mnamo tarehe 15 Juni mwaka jana, kama saa saba na dakika kumi mchana, nilikuwa nimekaa ukingoni. Mdogo wangu hakuwepo, alikuwa zamu kiwandani kwake. Dereva alikuwa ameshatangulia nje na mizigo. Mzee Futi alikuwa nyuma yangu kwenye kapi, na wifi yangu alikuwa chini, ndiye wa mwisho kupanda. Mimi nilikuwa nimetoka kupanda muda si mrefu, na nilipofika juu turubai lilinasa kwenye mkanda wangu, nikaja nalo. Magoti yangu ni mabovu kwa miaka ya kukalia cherehani, na mwamba ulikuwa umelowa. Nikalikunja turubai, nikapiga magoti juu yake.

Wifi yangu akauliza kama apande. Nikamjibu, "Ukingo tayari." Nilisema kwa mazoea, kama mtu anavyoitikia hodi. Kiganja changu kilikuwa kimeshika chupa ya maji.

Kamba ilikatika akiwa amebakiza mita mbili. Nilimwona uso. Taa yake ya kichwani ilinimulika machoni, kisha ikaenda chini.

Mzee Futi alitambaa mpaka nilipokuwa. Alitazama ukingo, akatazama magoti yangu. Aliniambia niinuke, akalichukua turubai akalisukuma ndani ya mfuko wake. Kisha alishuka peke yake kwa kamba nyingine, akamvua marehemu kile kipande cha kamba kilichobaki kiunoni bila kufungua fundo, akakificha hukohuko chini. Polisi walipokuja aliwaambia fundo la marehemu lilifunguka. Mdogo wangu naye aliambiwa hivyohivyo. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, na mdogo wangu aliponitazama niliitikia kwa kichwa.

Sijui kwa nini mzee yule alinificha. Labda alinionea huruma, labda aliionea huruma klabu. Sikumuuliza. Nilishukuru nikanyamaza. Lakini mdogo wangu mwaka mzima alimkasirikia marehemu. Alishusha picha yake ukutani. Siku moja nikiwa jikoni kwake nilimsikia akimgombeza mtu chumbani, nikadhani ana mgeni, kumbe anamgombeza mkewe kwa nini hakukaza fundo. Nilimpelekea chai nikaondoka.

Alikuwa akiomba kupelekwa Koromeo, na Mzee Futi akimzungusha. Mwezi huu alisema asipopelekwa atakwenda peke yake. Jumatano iliyopita, saa kumi jioni, Mzee Futi alikuja dukani kwangu. Hakukaa. Aliniambia hawezi tena kumzuia kijana, na kwamba nisipomwambia kabla hatujaingia, pango litamwambia. Nikaahidi. Alhamisi mdogo wangu alikuwa kazini. Ijumaa nilimpitia, nikamkuta anacheka na jirani, na sikuwa nimemwona akicheka tangu msiba. Nikasema kesho.

Leo tuliingia saa mbili na nusu asubuhi, na saa nne kasoro dakika kumi tulikuwa Koromeo. Dereva alibaki juu kwenye kapi, mbali na ukingo, mahali ambapo haoni chini. Turubai nilililaza mwenyewe, na leo nililifunga kwa uzi. Akashuka mdogo wangu, nikashuka mimi, Mzee Futi akawa wa mwisho. Mimi na mdogo wangu tulifungua kamba. Mzee hakufungua yake, alisema hatutakaa sana.

Mdogo wangu alikuwa anatafuta hereni. Marehemu alirudishwa na hereni moja tu. Alipiga magoti akapapasa kila ufa, taratibu, kama mtu anayetafuta sindano. Saa nne na dakika arobaini aliingiza mkono kwenye ufa wa ukutani mpaka begani, akatoa kipande cha kamba kama mita tatu.

Alikimulika. Ncha moja ilikuwa na fundo zima, limekaza, limelala upande wa kushoto. Ncha nyingine ilikuwa imechanika nyuzi nyuzi. Mdogo wangu ana miaka sita na kamba, hakuhitaji kuelezwa. Alimuuliza Mzee Futi mbona fundo halijafunguka. Mzee akasema kweli halikufunguka, kamba ilikatwa na ukingo.

"Na turubai lilikuwa wapi?"

Mzee alinigeukia, taa yake ikawa usoni kwangu. Hapo nilikuwa na muda wa kutosha. Ulimi ulikuwepo, pumzi ilikuwepo. Nilitazama viatu vyangu. Mzee alipoona kimya changu akasema, "Mimi ndiye kiongozi. Niulize mimi."

Mdogo wangu alimpiga ngumi ya mdomo. Mzee aliangukia ukutani, kofia yake ngumu ikatoka ikabingirika. Akampiga ya pili akiwa bado anainuka, nikasikia meno. Mzee alijaribu kutambaa kuelekea upande wangu. Mdogo wangu aliikamata kamba iliyokuwa kiunoni kwa mzee, akamvuta kwayo arudi, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, kwa nguvu zake zote. Mikono yake imekanda unga miaka kumi na tano, ina nguvu.

Sasa afande aelewe jambo hili. Kwenye klabu yetu kuvuta kamba mara tatu maana yake ni "nivute juu". Dereva huko juu hakujua lolote. Alihisi mivuto mitatu, akafanya kazi yake, akavuta. Mzee Futi aliinuliwa, kisha kamba ikakwama ukingoni, akaning'inia, miguu kama mita moja kutoka chini, hana pa kukanyaga, hawezi kukimbia wala kulala chini. Mdogo wangu akaona amewekewa sawasawa. Akachomoa nyundo ya misumari ya mwamba mkandani kwake.

Pigo la kwanza lilikuwa la goti. Goti liligeuka kwenda kusikokuwa kwake. La pili lilikuwa la mbavu. Kila akipigwa mzee alizunguka kwenye kamba, na kila akizunguka uso wake ulirudi kwangu. Damu ilikuwa inamtoka mdomoni na kudondoka kwenye mabuti yake. Mdogo wangu alikuwa analia na kulitaja jina la mkewe kwa sauti kubwa, na chumba kile kina mwangwi, jina likawa linatoka kila pembe. Dereva, ambaye huko juu husikia mwangwi tu bila maneno, akauliza kwa nini leo tuna uzito hivyo.

Uso wa mzee uliporudi mara ya pili aliniambia, "Fundi, mwambie."

Mdogo wangu hakumsikia. Mimi nilimsikia. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake, na mikono yangu miwili ilikuwa mizima. Niliogopa. Sikuogopa nyundo. Niliogopa mdogo wangu akigeuka ataniona ni nani. Nikaendelea kuwamulikia. Pigo la tatu lilivunja vidole alivyoshikia kamba. La nne lilikuwa la kichwa, juu ya sikio, na kichwa hakikuwa na kofia. Mzee alilegea mwili mzima, akawa anazunguka tu.

Nyundo ilipoinuka mara ya tano ndipo nikasema. Nilisema turubai lilikuwa chini ya magoti yangu, si yake, yeye hakulishika hata kidogo.

Mdogo wangu alibaki na mkono juu. Akaushusha polepole, nyundo ikamtoka. Nilidhani atanijia, na kusema kweli nilitamani anijie. Alikaa chini kwenye maji.

"Dada. Ulimwambia ukingo tayari?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Alisema, 'Haya, mama mkwe, nakuja.'"

Hakuniuliza kitu kingine na hajanisemesha tena mpaka sasa. Tulipaza sauti Dereva amshushe mzee. Mdogo wangu alivua shati akamfunga kichwa, akampangia kamba kifuani na mapajani, akamsindikiza juu akiwa amemkumbatia kwa mgongo ili asigonge mwamba. Tulimtoa nje saa saba na nusu. Dereva alimwahisha hospitali kwa gari lake mwenyewe. Mzee alikuwa anapumua, lakini jicho moja lilikuwa halifumbi. Mdogo wangu alimshika kichwa njia nzima. Tulipomkabidhi, alinawa mikono kwenye bomba la nje, akatembea kwa miguu mpaka hapa kituoni. Mimi nilimfuata nyuma.

Nilipoanza kuhojiwa, Afande aliniambia mdogo wangu ameshaandikisha yake kwenye chumba cha jirani. Amesema mimi nilibaki juu na Dereva na sikuona kitu. Amesema pia turubai la mwaka jana alilisahau mzee. Afande ameniuliza mara mbili kama nina hakika na ninachosema, kwa sababu kwa maelezo ya mdogo wangu mimi naweza kutoka hapa nikaenda nyumbani.

Nina hakika. Mdogo wangu anataka kunificha, na alijifunza kwa mzee aliyempiga. Nimefichwa mwaka mzima. Nilikula, nikashona, nikalala, na mtu mwingine akavunjwa mifupa kwa ajili yangu nikimmulikia aliyekuwa akimvunja. Sitaki kufichwa mara ya pili. Mdogo wangu ana kosa la nyundo, hilo ni lake na sitamwondolea. Yaliyobaki yote ni yangu. Naomba asomewe karatasi hii, neno kwa neno, na mzee akizinduka naye asomewe.

Niliyoyasema yameishia hapo. Nimesomewa, nimeyakubali, naweka sahihi bila kulazimishwa na mtu.

Sahihi ya shahidi: (imesainiwa) saa kumi na moja kasoro dakika tano jioni.

MAELEZO YA OFISA

Nimeyaandika mimi kwa mkono wangu kama yalivyosemwa. Saa kumi na moja na dakika ishirini nilipokea simu kutoka hospitali kwamba majeruhi amefariki bila kuzinduka. Nilimweleza shahidi. Aliomba arudishiwe karatasi, akasema kuna mahali hakusema kweli. Nilimwonya kuwa kuanzia hapo chochote atakachosema kinaweza kutumika dhidi yake. Alisema ameelewa, nami niongeze yafuatayo:

Mzee hakuniambia "Fundi, mwambie" mara moja tu. Aliniambia mara tatu. Mara ya tatu sauti haikutoka, ilikuwa midomo tu, na hata hiyo niliielewa.